Zilipendwa na Nani? Juu ya Uchaguzi wa Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Huko Mpanda

Liko neno moja ambalo watangazaji wa redio na wenye kumbi za muziki hulitamka kila siku, nalo ni zilipendwa. Kwa neno hili hukusudiwa nyimbo za dansi za miaka ya 1960, ya 1970 na ya 1980, zile ambazo wazee wetu walizicheza walipokuwa vijana. Limekuwa jina la aina ya muziki, hata mtu aweza kusema "nataka zilipendwa" kama asemavyo "nataka taarabu", asifikiri kwamba ametamka sentensi nzima. Lakini ni sentensi nzima. Ina kiambishi cha ngeli kinachosimama badala ya nyimbo, ina wakati uliopita, ina mzizi wa kupenda, na ina kauli ya kutendwa. Tukilifungua neno kwa namna hii twaona mambo mawili. Kwanza, mapenzi yenyewe yamesemwa kuwa yamekwisha kupita. Pili, mwenye kupenda hayupo. Kauli ya kutendwa hutupa nafasi ya kumtaja mtenda, tukasema zilipendwa na fulani na fulani. Jina hili limemwacha mlangoni.

Nia ya makala haya ni kumwita mpenzi huyo aingie ndani. Nilipokuwa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, nilikaa jioni kadhaa na watu wanaopenda nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, nikawaomba kila mmoja achague wimbo mmoja tu, kisha aseme kwa nini. Sikuhesabu kura, wala sikukusudia kuhesabu. Watu wa baraza moja si sensa. Nilichotaka kusikiliza ni lugha ya kuchagua yenyewe: vitenzi gani hutumika, viambishi gani hupachikwa, na mchaguaji hujiweka wapi katika maneno yake. Nilikwenda na wazo langu tayari mfukoni. Nitalieleza wazo hilo, na nitaeleza pia jinsi lilivyopata pigo, kwa maana mwandishi anayeficha pigo alilopata humnyima msomaji nusu ya faida.

Huenda msomaji akauliza kama nyimbo za bendi zastahili kurasa hizi. Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani na mtu mkubwa kuliko sisi. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, hakuona haya kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba na ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu ukatoka 1958. Mshairi aliyelelewa katika mizani na vina alimtazama mwimbaji wa mjini akamwona mwenzake katika kazi ya lugha. Nasi tukitembea katika njia hiyo hatuendi pasipo na nyayo.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtungaji. Kazi hizi tatu mara nyingi hugawanywa kwa watu watatu. Kwake zilikaa katika mwili mmoja. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliokwenda Japani katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Osaka, na safari hiyo ikazaa wimbo ujulikanao kwa jina la "Expo 70". Mwaka 1973 aliacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, umri wake miaka thelathini na minne. Miaka aliyopewa kufanya kazi, basi, haikufika ishirini. Na leo miaka aliyokwisha kukaa kaburini ni mingi kuliko aliyoishi. Mimi niandikaye nilizaliwa baada ya kifo chake. Wengi wa walionichagulia nyimbo huko Mpanda walizaliwa baada ya kifo chake vilevile.

Yafaa kueleza jinsi nyimbo za mtu wa Morogoro zilivyofika Mpanda, kwa kuwa njia haikuwa fupi. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Mbaraka alipokuwa hai hakujua mkoa wa jina hilo. Mpanda ilikuwa wilaya ya Tabora, na tangu 1974 ikawa ya Rukwa. Reli inayotoka Kaliua hata Mpanda, kiasi cha kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Na kwa reli hiyo mji ulielekeza uso wake Tabora. Mtu angetazamia kwamba wapenzi wa Mpanda wangeshikamana na bendi za Tabora, nazo zilikuwa na sifa: Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids. Na kweli wazee huzitaja kwa heshima. Lakini Mbaraka hakuja kwa gari moshi, alikuja kwa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kazi yake leo imerithiwa na TBC, ilirekodi bendi katika kanda zake na kuzipeperusha nchi nzima, na betri chache zilitosha kumleta Mbaraka hata mahali ambapo gari halikufika. Hivyo mtu wa Mpanda alimpenda mwimbaji ambaye hakumwona. Alikuwa na sauti, na gitaa, na jina basi.

Tena yafaa kukumbuka ni nani waliokuwa wakisikiliza. Mpanda na viunga vyake ni nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, pamoja na Wafipa waliotoka kusini na Wasukuma waliofuata malisho na mashamba. Mwaka 1972 walikimbilia huku watu wengi kutoka Burundi, wakawekwa Katumba, na baadaye wengine Mishamo. Na mwaka 2014 wengi wao wakapokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Kwa sehemu kubwa ya watu hawa Kiswahili hakikuwa lugha ya mama. Mtu mmoja wa Katumba, mwenye mvi sasa, aliniambia kwamba Kiswahili cha shule alikipata kwa mwalimu, lakini Kiswahili cha kulalamika alikipata kwa Mbaraka. Nilimwomba arudie maneno hayo, nikayaandika palepale.

Nije sasa katika lugha ya kuchagua. Swali langu lilikuwa: "Katika nyimbo zake zote, upi ni bora?" Karibu kila mtu alikataa neno bora, si kwa kubishana, bali kwa kujibu kwa neno jingine. Mmoja alisema, "Mimi naupenda 'Shida'." Mwingine alisema, "Wimbo wangu ni 'Masimango'." Wa tatu alisema, "'Jogoo la Shamba', ule unanisema." Katika majibu haya hakuna hata moja linalopima wimbo na wimbo. Bora ni neno la mizani. Huweka vitu viwili mbele ya macho na kutazama kipi kimezidi. Naupenda, wangu na unanisema ni maneno ya uhusiano, na ndani ya kila moja nafsi ya kwanza imo: katika kitenzi, katika kimilikishi, au katika kiambishi cha mtendwa. Mpenzi hawezi kuchagua bila kujitia mwenyewe katika sentensi.

Jibu la tatu ndilo lililonishughulisha zaidi. Kumsema mtu, katika Kiswahili cha kila siku, ni kumkaripia au kumteta. Kusemwa si jambo jema. Lakini msemaji huyu, mtu wa makamo aliyekuja mjini kutoka kijijini akafungua duka dogo, alilisema neno hilo kwa tabasamu. Jina la wimbo ni nusu ya methali, na nusu ya pili kila msikilizaji huijaza mwenyewe, kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Yeye amewika mjini, kidogo, kwa kiasi cha duka lake. Kwa hiyo wimbo wamsema, naye aupokea kusemwa huko kama mtu apokeavyo utani wa mtani wake. Hii si hukumu ya sanaa kwa maana tuliyoizoea vyuoni. Lakini ni hukumu, na ni kali: ya kwamba wimbo umemjua.

Hapa ndipo nilipolitoa wazo langu mfukoni. Niliandika majina ya nyimbo zilizochaguliwa mara kwa mara upande mmoja wa karatasi, na majina ya zile ambazo watu walizijua bali hawakuzichagua upande wa pili. Upande wa kwanza nikapata "Shida", "Masimango", "Ukewenza", "Jogoo la Shamba". Upande wa pili nikapata "Expo 70", "Mtaa wa Saba", "Dr. Klerruu". Mwanafunzi wa sarufi hahitaji kuambiwa. Upande wa kwanza, "Shida" na "Ukewenza" ni majina ya hali, si ya watu. "Masimango" ni jina la tendo ambalo kila aliyewahi kusaidiwa na mtu mwenye kiburi amelionja. Na "Jogoo la Shamba" ni methali. Upande wa pili ni mwaka, mahali, na mtu. Dakta Wilbert Klerruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, akauawa siku ya Krismasi mwaka 1971, na wimbo ukamlilia. Alipouawa, nchi nzima ilijua habari ile. Leo kijana wa Mpanda akiusikia ni lazima aulize alikuwa nani, na wimbo unaohitaji kuulizwa habari zake hauwezi tena kumsema anayeuliza.

Wazo langu, basi, lilikuwa hili: mpenzi huchagua wimbo ambao nafasi ya mtu ndani yake imeachwa wazi, ili yeye aingie. Wimbo wa tukio una mwenyewe, na mlango wake umefungwa. Wimbo wa hali hauna mwenyewe, na kila mwenye hali hiyo ni mrithi.

Wazo hili lina nguvu, nami siliachi. Linaelezea, kwa mfano, desturi ya kadi za salamu. Wasikilizaji wa redio walikuwa wakiandika majina ya jamaa na marafiki, na pamoja nayo jina la wimbo, ili mtangazaji awasome na kuwapigia. Tazama kitenzi: kuwapigia. Ni kauli ya kutendea. Wimbo hupigwa kwa ajili ya mtu, na pengine dhidi ya mtu. Mama mmoja aliyekuwa katika baraza letu alisimulia kwamba alipokuwa ameolewa karibuni, na kila kilo ya unga aliyosaidiwa ikatangazwa mtaani, aliandika kadi akaomba "Masimango". Katika salamu aliwataja wakwe na mawifi wote kwa majina na kwa adabu kubwa. Hakuongeza neno. "Mtangazaji alinisaidia kusema," alisema, "na hakuna aliyeweza kunijibu, maana mimi nilikuwa nimewasalimu tu." Nilimwuliza kama unga ulitangazwa tena. Akacheka, akasema unga haukuletwa tena, lakini alilala usingizi.

Msomaji wa pwani ataitambua mara moja desturi hii. Katika taarabu wanawake huinuka na kumtuza mwimbaji pale penye maneno wanayotaka mtu fulani ayasikie, na fedha inayotolewa ni kama sahihi ya mtoaji chini ya maneno ya mwingine. Mama wa Mpanda hakuwa na ukumbi wala hakuwa na mwimbaji mbele yake. Alikuwa na kadi na kalamu. Lakini kanuni ni moja: kuchagua wimbo ni kusema kwa kinywa cha kuazima, na kinywa huazimika tu pale ambapo mtungaji hakukijaza majina yake mwenyewe.

Sasa nieleze pigo. La kwanza ni dogo, nami nililitazamia. Msikilizaji mmoja aliuliza: kama majina ya watu hufunga mlango, mbona nyimbo za Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, zapendwa hata leo, na baadhi ya zinazopendwa zaidi zinaitwa kwa majina ya wanawake, kama "Georgina" na "Zuena"? Nadhani jibu lipo. Jina la mwanamke katika wimbo wa mapenzi haliko kama jina la Mkuu wa Mkoa katika wimbo wa maombolezo. Klerruu ni mmoja, na tarehe yake inajulikana. Zuena wa wimbo hana anwani. Kila mtaa una wake. Ni jina la pekee kwa herufi kubwa, lakini katika kazi yake limekuwa jina la jumla. Sarufi ya vitabu huyaweka majina haya fungu moja. Sarufi ya wasikilizaji huyatenga. Kwa hiyo pigo hili halikuliangusha wazo, ila lililazimisha lisemwe kwa uangalifu zaidi.

Pigo la pili lilikuwa zito. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli, aliyekaa kimya jioni nzima, alipofikiwa na zamu yake alichagua "Expo 70". Nilidhani hakusikia swali vema, nikalirudia. Akasema amesikia. Alieleza kwamba mwaka ule alikuwa kijana wa kupakia mizigo, na kwamba waliposikia mtu wa Morogoro amekwenda Japani na gitaa lake, yeye na wenzake walikaa juu ya magunia wakabishana Japani iko upande gani. Hawakukubaliana. "Tangu siku ile," alisema, "kila treni ikiondoka hapa nilijua inakwenda mahali." Wenzake wale wote wamekwisha kufa. Huupenda wimbo kwa kuwa una tarehe, na tarehe ile ni yake.

Sikuwa na la kusema. Kwa mujibu wa wazo langu, wimbo huu ulikuwa na mlango uliofungwa. Kumbe mzee alikuwa ndani siku zote, na ni sisi tuliochelewa kuzaliwa ambao tulikuwa nje. Wimbo wa tukio haukosi mpenzi. Mpenzi wake ni shahidi, na mashahidi hupungua. Haukuchaguliwa na wengi pale barazani si kwa sababu ni kazi duni, bali kwa sababu waliokuwa na haki ya kuuchagua wamebaki wachache. Hesabu ya wapenzi, basi, haiwezi kuwa hesabu ya thamani, na mhakiki anayesema "huu wadumu, ule umekufa, kwa hiyo huu ni bora" amepima urefu wa maisha ya wasikilizaji akidhani amepima wimbo.

Pigo la tatu lilinihusu mimi zaidi kuliko wazo langu. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye jioni hupiga gitaa kanisani, alichagua "Mtaa wa Saba", akasema, "Ninaupendea gitaa." Nikauliza habari za maneno ya wimbo. Alionekana kushangaa, kama mtu aliyeulizwa habari za karatasi ambamo mkate ulifungwa. Kisha akaniimbia mwendo wa gitaa la solo kwa mdomo, sauti kwa sauti, vidole vyake vikitembea juu ya goti. Kitenzi chake kilikuwa sahihi kuliko vyote nilivyovisikia: kupendea, yaani kupenda kwa ajili ya kitu fulani kilichomo. Wengine walisema naupenda, wasigawanye, yeye aligawanya. Na alinikumbusha kwamba mimi, kwa kuwa nilifundishwa lugha, nilikuwa nimezungumza jioni tatu juu ya mpiga gitaa bila kulitaja gitaa. Hii ni kasoro ya wengi wetu. Tukipewa wimbo tunaandika maneno yake katika karatasi, tunayatafutia vina na mizani, tunaona vina havitimii, kisha tunatoa hukumu juu ya kitu ambacho tayari tumekwisha kukichinja. Nyimbo za dansi hazikutungwa zisimame bila vyombo. Mara nyingi neno lililoonekana jepesi katika karatasi limeachwa jepesi kwa makusudi, ili gitaa lipate kujibu. Mtungaji ambaye ndiye mwimbaji na ndiye mpigaji aliweza kufanya hivyo kwa uhakika, kwa kuwa alijua nani atajibu.

Tukiyakusanya haya, twaona kwamba wapenzi wa Mpanda hawakuchagua kwa namna moja bali kwa tatu. Wako wanaochagua kwa matumizi: wimbo unaoweza kusema badala yao. Wako wanaochagua kwa kumbukumbu: wimbo ulioshika tarehe ya maisha yao. Na wako wanaochagua kwa sikio: wimbo ulio na kitu cha ufundi wanachokijua. Wa kwanza ni wengi, wa pili wanapungua, wa tatu ni wachache siku zote. Vyuoni tumezoea kuwahesabu wa tatu peke yao kuwa wahakiki. Mimi naona kila fungu lina uhakiki wake, na kila fungu lina upofu wake. Mama wa "Masimango" hakuhitaji gitaa. Fundi wa pikipiki hakuhitaji maneno. Mzee wa reli hakuhitaji mtu mwingine yeyote aupende wimbo wake.

Jambo hili si geni katika historia ya fasihi yetu, ingawa mara nyingi hatulioni. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hata karibu na mwaka 1840, yalibaki kwa muda mrefu katika vinywa vya watu kabla ya kukusanywa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na Taylor. Diwani yenyewe ilitolewa na Hichens mwaka 1940. Nani aliyechagua shairi gani lifike na lipi lipotee? Hakuwa mhariri. Walikuwa wapenzi wa Mombasa, ambao kila mmoja alihifadhi alichoweza kukitumia. Na mpaka leo twaona athari ya uchaguzi wao: mashairi ya vita na siasa za mji huhitaji maelezo marefu pembeni ili yafahamike, na yale ya mapenzi na ya dhiki husomwa na mwanafunzi bila msaada. Tunachokiita urithi ni uchaguzi wa wapenzi uliokwisha kusahau kuwa ulikuwa uchaguzi.

Ndiyo maana naona swali hili lina uzito kwa taasisi kama hizi zetu. Nyimbo za hali zitajitunza. Mtu mwenye shida hakosi kuukumbuka wimbo wa "Shida", na wimbo huo utapita kinywa kwa kinywa hata kanda zikioza. Nyimbo za tukio hazina mtetezi ila shahidi na mtunza kumbukumbu. Shahidi akiondoka, abaki mtunza kumbukumbu peke yake. Mtu akija kutafuta jinsi nchi ilivyomlilia Dakta Klerruu, au jinsi ilivyojiona mwaka 1970 mtu wake alipokwenda Osaka, hatazipata habari hizo katika uchaguzi wa wengi. Atazipata katika kanda, kama zipo, na katika maelezo ya wazee, kama kuna aliyekwenda kuwauliza mapema. Mpenzi hana deni. Yeye ana haki ya kupenda anachokipenda na kuacha anachokiacha. Deni ni letu.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba katika kukusanya nyimbo za dansi tusitosheke na kuandika jina la wimbo, mwaka, na maneno. Tuandike pia nani aliuchagua, wapi, na kwa kitenzi gani. Tofauti kati ya naupenda, ninaupendea na unanisema si tofauti ya adabu ya mazungumzo. Ni tofauti ya kazi tatu ambazo wimbo mmoja waweza kuzifanya. Orodha isiyo na vitenzi hivi itatuambia nyimbo zipi zilipendwa. Haitatuambia zilipendwa na nani.

Nirudi, kabla ya kuweka kalamu chini, kwa neno nililoanza nalo. Jioni ya mwisho nililiuliza baraza kama wanaona neno zilipendwa lafaa. Mama wa kadi alisema yeye halitumii. Akitaka nyimbo zile husema "za Mbaraka" basi. Fundi alisema ni neno la redio. Mtu wa Katumba aliyejifunza kulalamika kwa Mbaraka alisema lafaa kwa wale waliofika mahali wasihitaji tena kulalamika. Mzee wa reli alifikiri kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha alisema kwamba "Expo 70" aliupenda, na anaupenda, na kwamba atakapokufa ndipo watu wa vyuo waweze kuuweka katika wakati uliopita.